Kukusanya Vitabu Adimu vya Thomas Ligotti Ukiwa Mombasa: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza

Thomas Ligotti ni Mmarekani aliyezaliwa Detroit mwaka 1953, na hadithi zake fupi za kutisha zilianza kuonekana katika majarida madogo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wasomaji wake hawakuwahi kuwa wengi, lakini waliompenda walimpenda kwa dhati, na vitabu vyake kadhaa vilitolewa kwanza na wachapishaji wadogo kwa nakala mia chache zilizokwisha kabla wengi wetu hatujalisikia jina lake. Mwaka 2014, mtunzi wa tamthilia ya televisheni ya True Detective alipokiri kwamba alimsoma Ligotti na kuathiriwa naye, watu wapya walimiminika sokoni, na vitabu vilivyokuwa vigumu kupatikana vikazidi kuwa vigumu.

Mwongozo huu ni kwa msomaji wa Mombasa aliyekwisha kuonja hadithi moja au mbili na sasa anataka kuvikusanya vitabu vyenyewe. Jambo moja ningependa alishike tangu mwanzo, kwa sababu mengine yote yanalifuata: kwa mwandishi huyu, jina la kitabu halikwambii unanunua nini. Ligotti ana tabia ya kurudi kwenye hadithi zake na kuziandika upya, na vitabu viwili vyenye jina moja vinaweza kutofautiana kwa idadi ya hadithi, kwa mpangilio, na hata kwa sentensi. Anayekusanya majina atalipa mara mbili kwa kitu kimoja na kukikosa kile alichokitaka. Kinachokusanywa ni matoleo.

Hatua ya kwanza: soma kabla ya kununua

Nunua kwanza nakala ya kusoma, iliyo rahisi na inayopatikana. Juzuu iliyotolewa na Penguin Classics mwaka 2015 inaunganisha vitabu viwili vya mwanzo, Songs of a Dead Dreamer na Grimscribe, na duka la vitabu mjini linaweza kukuagizia. Teatro Grottesco iliyotolewa na Virgin Books mwaka 2008, yenye jalada jepesi, ni mwanzo mwingine mzuri. Soma polepole. Hapana damu nyingi humo wala majini yanayorukia watu gizani. Utakuta miji iliyotupwa, viwanda visivyo na wafanyakazi, vikaragosi vinavyofanana mno na binadamu, na hofu kwamba binadamu mwenyewe huenda ni kikaragosi. Wapo wanaochoshwa na mtindo huo, na hilo si aibu. Afadhali ujue mapema kwa kitabu kimoja cha bei nafuu kuliko ujue baada ya kulipia sanduku zima.

The Conspiracy Against the Human Race, kilichotolewa na Hippocampus Press mwaka 2010 na baadaye na Penguin mwaka 2018, si kitabu cha hadithi. Ni insha ndefu ya kifalsafa juu ya kukata tamaa na maisha. Wageni wengi hukinunua kwanza kwa sababu ndicho kilichotajwa zaidi wakati wa True Detective, kisha hushangaa hadithi ziko wapi.

Hatua ya pili: tengeneza daftari lako la matoleo

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote, nayo haigharimu senti. Chukua daftari, na kwa kila kitabu uandike mchapishaji, mji, mwaka, aina ya jalada, idadi ya nakala ikiwa imetajwa, orodha ya hadithi zilizomo, na tofauti yake na toleo lililotangulia. Hifadhidata ya bure ya Internet Speculative Fiction Database itakusaidia kwa sehemu kubwa, kwa kuwa huonyesha yaliyomo katika kila toleo, hadithi kwa hadithi.

Tuchukue mfano wa Songs of a Dead Dreamer, maana ndipo wengi wanapokwama. Toleo la kwanza lilitolewa na Silver Scarab Press ya Harry O. Morris, huko Albuquerque, kwa nakala 300 tu, likiwa na utangulizi wa Ramsey Campbell. Baadhi ya wauzaji huliandikia mwaka 1985 na wengine 1986. Usidhani ni vitabu viwili. Mwaka 1989 Robinson ya London ikatoa toleo lililopanuliwa na kurekebishwa, na mwaka 1990 Carroll & Graf ya New York ikalipeleka Marekani. Miaka 20 baadaye, mwaka 2010, Subterranean Press ilitoa toleo jingine ambalo mwandishi mwenyewe alilipitia na kulirekebisha, kisha ikafanya hivyo hivyo kwa Grimscribe mwaka 2011 na kwa Noctuary mwaka 2012. Juzuu ya Penguin ilikuja baada ya hayo yote. Kwa hiyo mtu anayesema "nina Songs" hajasema kitu mpaka aseme ni ipi, na mtu anayetaka kuyasoma maneno yaliyowashangaza wasomaji wa miaka ya 1980 hatayapata kwa kununua toleo jipya zaidi, hata liwe zuri namna gani.

Binafsi nayapenda maandishi ya mwaka 1989. Najua mwandishi ana haki ya kurekebisha kazi yake, na pengine marekebisho yake ni bora kwa ufundi, lakini kuna ukali fulani katika yale ya zamani ambao sikuutaka ulainishwe. Weka matoleo mawili kando kando, soma hadithi moja katika kila moja, ndipo uamue mwenyewe.

The Nightmare Factory ya mwaka 1996 nayo ina mtego wake. Ni kitabu kinene cha jalada jepesi kinachokusanya hadithi nyingi za vitabu vitatu vya mwanzo pamoja na sehemu mpya mwishoni, na kilipata tuzo ya Bram Stoker. Kwa anayeanza, ni hazina: kwa kitabu kimoja anapata sehemu kubwa ya kazi ya miaka 10 ya kwanza, kabla ya marekebisho ya Subterranean. Lakini mwaka 2007 kilitolewa kitabu cha katuni chenye jina hilo hilo, kilichochora baadhi ya hadithi zake, na mwaka 2008 kikafuatiwa na cha pili. Si vibaya, ila sicho unachokitafuta. Angalia picha ya jalada na mwaka kabla ya kubofya.

Halafu kuna vile vidogo. Durtro, iliyokuwa ya mwanamuziki David Tibet, ilitoa In a Foreign Town, in a Foreign Land mwaka 1997 pamoja na santuri ya CD ya kundi lake, Current 93. Kitabu hicho kikiuzwa bila santuri yake, kimepungukiwa, na bei lazima iseme hivyo. Durtro ndiyo pia iliyotoa Teatro Grottesco yenye jalada gumu mwaka 2006. My Work Is Not Yet Done kilitoka kwanza kwa Mythos Books mwaka 2002, kisha kikatolewa na Virgin mwaka 2009 kwa jalada jepesi.

Hatua ya tatu: amua mpaka wako

Hakuna mtu wa kawaida anayeweza kukusanya kila kitu, na kujaribu kufanya hivyo ndiko kunakowafanya watu wengi waache kabisa katika mwaka wa pili. Chagua njia moja uandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Ushauri wangu kwa anayeanza ni kuwaacha kabisa Silver Scarab na Durtro kwa miaka miwili ya kwanza, na kushughulika na matoleo ya kawaida ya Robinson na Carroll & Graf ya kati ya mwaka 1989 na 1996. Yalichapwa kwa wingi zaidi, yana maandishi ya awali, na ukikosea katika ununuzi hutaumia sana.

Njia nyingine ambayo wageni huidharau ni majarida. Hadithi ya The Last Feast of Harlequin ilitoka katika toleo la Aprili 1990 la The Magazine of Fantasy & Science Fiction, na toleo la majira ya baridi la 1991/92 la Weird Tales lilikuwa maalumu kwa ajili ya Ligotti. Majarida kama hayo yalichapwa kwa maelfu, ni mepesi kusafirishwa, na ndani yake hadithi huwa katika umbo lake la mwanzo kabisa. Mtu mwenye rafu moja ya majarida yaliyochaguliwa vizuri ana mkusanyiko wa kuheshimika kuliko mwenye vitabu vitatu ghali asivyojua historia yake.

Je, kuna haja ya kuzunguka mjini? Ipo, lakini kwa matarajio ya kiasi. Kwa wauza vitabu vya mitumba, wale wanaopanga kando ya barabara na wale wa Kongowea ambao huvipata pamoja na nguo, sijawahi kuona kitabu cha Ligotti peke yake. Nilichowahi kuona ni mikusanyo minene ya hadithi za kutisha ya miaka ya 1990, na ndani ya mikusanyo ya aina hiyo hadithi yake moja huweza kuwamo katikati ya za wengine. Fungua ukurasa wa yaliyomo kila unapoona kitabu cha namna hiyo, na zungumza na muuzaji kwa heshima ili akuwekee vingine vikija.

Hatua ya nne: jifunze kusoma tangazo la muuzaji

Vitabu vingi utavinunua kupitia mitandao kama AbeBooks na eBay, usivione mpaka vifike, na lugha ya wauzaji ina maana zake. Neno "Fine" ni kitabu kisicho na dosari ya kuonekana. "Near Fine" kina dosari ndogo sana. "Very Good" ndilo linalotudanganya sisi tunaolitafsiri kichwani: halina maana ya kizuri sana, bali ni kitabu kilichotumika, chenye kasoro kadhaa ndogo ambazo muuzaji anapaswa kuzitaja. "Good" ni kitabu kilichochakaa ingawa kurasa zake zimetimia. "Ex-library" kimetoka maktaba na kina mihuri, mifuko ya kadi na gundi, na kwa mkusanyaji thamani yake hushuka sana. Alama ya wino mweusi au mwekundu kwenye kingo za kurasa huonyesha kwamba kiliuzwa kama bidhaa iliyobaki dukani.

Kwa kitabu chenye jalada gumu, karatasi inayofunika jalada ni sehemu kubwa ya thamani, na tangazo lisiloitaja mara nyingi huwa na maana kwamba haipo. Uliza.

Kabla ya kulipa, omba picha za jalada la mbele na la nyuma, mgongo wa kitabu, ukurasa wa jina, ukurasa wa hakimiliki, pembe nne, na kingo za juu. Ukurasa wa hakimiliki ndio shahidi wako mkuu. Wachapishaji wengi wa Marekani huweka mstari wa tarakimu, na tarakimu ndogo kuliko zote ndiyo inayotaja chapa, yaani kitabu kimechapwa kwa mara ya ngapi: ikiwapo 1, ni chapa ya kwanza, mstari ukianzia 4, ni ya nne, hata kama juu yake pameandikwa toleo la kwanza. Kwa vitabu vya miaka ya karibuni, tazama pia ukurasa wa mwisho kabisa: ukikuta mji na tarehe ya juzi ya kuchapwa pamoja na mistari ya msimbo, hicho kimechapwa kwa kuagizwa na si cha kukusanya. Kwa nakala zenye namba, namba iandikwe kwenye tangazo na ionekane kwenye picha. Na kwa saini, nunua ile tu iliyomo kwenye toleo ambalo mchapishaji mwenyewe alilitangaza kuwa limetiwa saini. Saini iliyoandikwa juu ya kitabu cha kawaida, bila historia, mimi huihesabu kuwa si kitu.

Muuzaji anayekasirishwa na maswali hayo mwache. Wauzaji wazuri hufurahi kuulizwa, kwa sababu anayeuliza vizuri hana tabia ya kurudisha mzigo.

Hatua ya tano: malipo na safari ya kitabu

Malipo si tatizo tena. Kadi ya GlobalPay ya M-Pesa inakubaliwa kwenye mitandao mingi inayopokea Visa. Tatizo ni hesabu. Bei ya kitabu huenda ikawa nusu tu ya gharama, kwa kuwa kuna nauli, bima, na ada za forodha na za Posta kitakapofika. Ziulize zote kabla, zijumlishe kwenye daftari, ndipo uamue. Usimwombe muuzaji apunguze thamani kwenye karatasi za forodha. Ni kosa kisheria, na kifurushi kikipotea utafidiwa kwa hicho kidogo kilichoandikwa.

Mwandikie muuzaji, kwa maneno ya wazi, kwamba kitabu kifungwe kwanza kwa plastiki isiyopitisha maji, kibanwe kati ya vipande viwili vya boksi gumu, kisha kiwekwe kwenye katoni. Nililijifunza hili kwa maumivu. Nakala yangu ya kwanza ya Noctuary ilitumwa katika bahasha tu, bila kinga yoyote. Nilipokwenda kuichukua, pembe mbili zilikuwa zimekunjika na kurasa za mwisho zimelowa na kujikunja. Muuzaji alinirudishia pesa, lakini kitabu hakirudi kuwa kilivyokuwa.

Ikiwa una ndugu Uingereza au Marekani anayekuja nyumbani, vitabu viwili vitatu vinaweza kutumwa kwake na kuja naye mkobani. Mwambie mapema uzito wake, na umwombe avibebe mkononi, si kwenye sanduku linalorushwa.

Hatua ya sita: kukilinda kitabu dhidi ya hewa ya Mombasa

Hapa ndipo mwongozo wowote ulioandikwa kwa watu wa nchi za baridi unapotuacha. Hewa yetu, kwa muda mwingi wa mwaka, ina unyevu unaozidi asilimia 70, na koga huanza kuota kwenye karatasi kuanzia karibu asilimia 65 hivi, hasa palipo na joto na pasipo na upepo. Maana yake ni kwamba kitabu kilichokaa miaka 30 salama kwenye chumba kikavu kinaweza kuharibika hapa katika masika moja.

Nyumba za Mji wa Kale zina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta hizo hunyonya maji na kuyatoa polepole. Rafu yangu ya kwanza niliiegemeza kwenye ukuta wa namna hiyo huko Kibokoni. Mwezi wa sita nilivuta kitabu kimoja nikakuta mgongo wake una unga wa kijani, na vitatu vya jirani yake vimeanza. Tangu hapo rafu zangu zote zimesimama umbali wa kiganja kutoka ukutani, kwenye ukuta wa ndani usiopigwa na mvua, na ubao wa chini uko juu ya sakafu kwa urefu wa mkono. Usivibane vitabu, acha nafasi ya kuingiza vidole ili hewa ipite.

Nunua kipima unyevu kidogo, ukiweke rafuni, na ukiangalie kila siku kwa mwezi mzima kabla ya kununua kitu cha bei kubwa. Kikikaa chini ya asilimia 60, umefanikiwa. Kisipokaa, una njia mbili: chumba kidogo chenye kiyoyozi au mashine ya kupunguza unyevu, au, kwa mkusanyiko mdogo, sanduku la plastiki lenye mfuniko unaobana pamoja na vijifuko vya silika ambavyo utavikausha au kuvibadilisha mara kwa mara. Sanduku bila silika ni hatari kuliko rafu wazi, kwa sababu unaufungia unyevu ndani. Musimu wa kaskazi, hewa inapokuwa kavu kidogo, toa vitabu vyote, vipepee kivulini mbele ya feni, na uifute rafu. Jua kali lisiviguse. Rangi ya mgongo hufifia haraka.

Kuna pia wadudu: mchwa, mende, na wale wadogo wa rangi ya fedha wanaokimbia ukifungua kitabu cha zamani, ambao hula gundi na wanga wa karatasi. Kila kitabu kilichotumika kinachoingia nyumbani kwangu hufungwa ndani ya mifuko miwili ya plastiki iliyotolewa hewa na kuzibwa, kisha hukaa wiki mbili kwenye friza kwa baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Kikitoka hakifunguliwi mpaka kipate joto la chumba, siku nzima, la sivyo umande utakilowesha. Usipulize dawa ya wadudu kwenye kitabu, wala usiweke nafthalini kando yake.

Shuleni tulifundishwa kuvijalidi vitabu kwa karatasi ya kaki au nailoni na kuvibandika kwa gundi. Usifanye hivyo. Usitie selotepu kwenye mpasuko, usiandike jina lako ndani, usigonge muhuri. Karatasi ya jalada la nje ivishwe plastiki angavu ya poliyesta inayokunjwa bila kugandishwa, ambayo siku yoyote inaweza kutolewa bila kuacha alama.

Neno moja kuhusu nyumba zetu. Majalada ya vitabu hivi yana sura za kutisha, na pwani watu wanajua kwamba kuna vitabu vya falaki na talasimu visivyopaswa kuguswa ovyo. Mama yangu aliviona akaniuliza, "Mwanangu, hivi si vitabu vya uganga?" Nikamjibu, "La, mama, ni hadithi za kubuni," nikakaa naye nikamsimulia moja tangu mwanzo hadi mwisho. Akaniambia viwe chumbani kwangu, wala visiwekwe kabati moja na Msahafu, na ndivyo vilivyo mpaka leo. Zungumza na wa nyumbani kabla kifurushi cha kwanza hakijafika, kwani asiyejua kitu hicho ni nini anaweza kukitupa kwa nia njema.

Mwisho, kila kitabu kikishaingia rafuni, rudi kwenye daftari: andika tarehe ya kununua, bei na gharama zote, hali yake, na chapa yake, kisha piga picha za zile sehemu ulizomwomba muuzaji. Rudia picha hizo kila mwaka baada ya masika na uzilinganishe na za kwanza. Doa la kahawia likianza kuonekana, kihamishe kitabu hicho siku hiyo hiyo.